Pikapu mpya inatetemeka: ufuate mtetemo mpaka unapoanzia

Gari kuukuu likitetemeka, mwenyewe husema ni uzee, akabadilisha hiki na kile, maisha yakaendelea. Gari jipya halina kisingizio hicho. Kwa muuzaji unaambiwa "pikapu ndivyo zilivyo", fundi wa mtaani anakwambia "kafanye alaimenti", nawe unabaki na kioo cha ndani ambacho kila taa ya lori la nyuma unaiona mbili.

Tuiondoe alaimenti kwanza, maana imewala watu pesa nyingi. Kazi yake ni kupanga mwelekeo wa magurudumu. Ikiwa mbaya, gari huvuta upande na tairi huliwa ukingo mmoja. Usukani hautikisiki ukifika 90 kwa sababu yake. Tairi iliyoliwa vibaya kwa miezi huja kuvuma, kweli, lakini pikapu yenye kilomita 2,000 haijafika huko.

La msingi ni hili: usinunue wala usifungue kitu kabla hujajua mtetemo unafuata nini. Mtetemo hutoka kwenye kitu kinachozunguka, na kila kinachozunguka chini ya pikapu kina kasi yake. Gurudumu huenda polepole. Propela, yaani ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya ekseli ya nyuma, huzunguka karibu mara nne ya gurudumu. Injini huenda kwa kasi yake yenyewe kutegemea gia. Ukishaijua kasi ya mtetemo, umemjua mkosaji, au angalau mtaa anaokaa.

Kabla ya kuingia barabarani

Pima upepo alfajiri, gari likiwa limelala. Magari mapya husafirishwa yakiwa yamejazwa upepo kupita kawaida ili tairi zisibonyee kwa kusimama muda mrefu melini na yadini. Kuushusha ni kazi ya anayekabidhi gari, na ni kazi inayosahaulika. Vipimo sahihi viko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi safu mbili: gari tupu na gari lenye mzigo. Pikapu tupu iliyojazwa psi 45 nyuma itarukaruka juu ya kila tuta na kila kiraka, na mtu ataapa kwamba ni propela. Usipime saa saba mchana baada ya kutoka Mtwapa: joto huongeza takriban psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na ukipunguza wakati huo, asubuhi utakuta tairi zimelegea.

Kisha inama uangalie chini kwa tochi.

Ndani ya rimu, tafuta alama safi ya mstatili mahali palipokuwa na kipande cha uzito wa kubandika. Kama kuna alama na uzito haupo, umeshapata jibu la nusu ya kesi. Tafuta pia tope lililokauka, au donge la lami. Gramu 30 za udongo upande mmoja wa rimu zinatosha kutikisa usukani.

Angalia kama kuna vipande vya mpira au plastiki vilivyobanwa kwenye springi za mbele; baadhi ya magari husafirishwa navyo ili yasiyumbe, na hutakiwa kutolewa kabla ya kukabidhiwa.

Angalia propela yote kutoka giaboksi hadi difu. Hapa Pwani watu wengi hupeleka gari jipya moja kwa moja kupuliziwa dawa ya kuzuia kutu chini, na wana haki, kwa chumvi hii ya bahari. Tatizo ni kijana mwenye bomba la kupulizia. Asipoifunika propela, dawa ile nzito nyeusi hukauka juu yake kwa mabonge, upande mmoja mnene, mwingine mtupu. Propela ilipimwa uzani kiwandani kwa gramu chache. Sasa ina ukoko usio sawa. Kama mtetemo ulianza wiki ileile ya kupuliziwa dawa, usiende mbali. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, ulainishe, usugue mpaka chuma kiwe kitupu mzunguko mzima. Usigonge kwa nyundo wala kukwangua vile vibati vidogo vilivyochomelewa juu ya propela: hivyo ndivyo uzito wake wa kusawazisha, na kikitoka kimoja utakuwa umejitengenezea tatizo jipya.

Mwisho, hakikisha gari haliko kwenye 4H, yaani magurudumu yote manne yakisukuma. Pikapu nyingi zina 4x4 isiyofaa lami kavu. Mifumo ya mbele na nyuma hubanana, na kwenye kona gari hushtuka kama linakatazwa. Rudisha 2H, ya magurudumu mawili, kabla ya kulaumu chochote.

Safari ya kupima

Unahitaji barabara iliyonyooka, lami nzuri, magari machache. Hapa Mombasa, barabara ya Dongo Kundu asubuhi na mapema inafaa. Barabara ya Malindi ukishapita msongamano wa Mtwapa inafaa pia. Njia kuu ya kwenda Mariakani ina malori mengi mno na lami iliyobonyezwa na magurudumu yao. Hapo utapima barabara badala ya gari. Nenda na mtu wa pili wa kuandika, na usizidi mwendo ulioruhusiwa. Mtetemo mwingi wa magurudumu na propela hujitokeza kati ya 70 na 100, kwa hiyo huna haja ya kukimbia.

Endesha kwanza kilomita 15 hadi 20 bila kuandika lolote. Tairi iliyosimama usiku kucha hubonyea kidogo pale ilipokanyaga, na ubonyevu huo huisha ikipata moto. Ukiona mtetemo umekwisha wenyewe baada ya safari hiyo na kurudi kesho yake asubuhi, ni tairi zilizobonyea. Gari lililokaa miezi yadini juani huweza kuwa na ubonyevu wa kudumu usiotoka tena.

Baada ya hapo fuata mpangilio huu, kila kipimo mara mbili:

1. Panda taratibu kutoka 50 hadi 100, ukiongeza kilomita 5 kila mara na kushikilia sekunde kumi. Andika mtetemo unaanza wapi, unakuwa mkali wapi, unapungua wapi.
2. Kwenye mwendo uliokuwa mkali, badilisha gia bila kubadilisha mwendo. Kama ulikuwa gia ya tano, rudi ya nne, kilomita zilezile. Mtetemo ukibaki vilevile, unafuata mwendo wa gari: magurudumu, propela, ekseli. Ukibadilika, unafuata injini.
3. Kwenye mwendo uleule, achia mafuta gari liende lenyewe, kisha kanyaga kwa nguvu kidogo. Mtetemo unaoongezeka ukikanyaga na kutulia ukiachia unaelekea kwenye krosi za propela (viungo vyake vya umbo la msalaba), pembe zake, au joint za ekseli za mbele. Usiojali mguu wako unaelekea kwenye magurudumu.
4. Ondoka kutoka kusimama, gia ya kwanza, kama mtu aliyebeba mzigo. Kama gari linagugumia kati ya 0 na 40 kisha linatulia, liandike peke yake. Hilo ni gonjwa jingine kabisa na tutalifikia.
5. Funga breki taratibu kutoka 90 hadi 40.
6. Simama, weka gia huru, panda injini hadi 2,000, kisha 2,500, kisha 3,000. Mtetemo unaotokea gari likiwa limesimama hauwezi kuwa wa gurudumu.

Na uandike unausikia wapi. Usukani ukitikisika kushoto na kulia, anzia magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, anzia nyuma. Ukiwa ni mvumo mwembamba zaidi, kama simu inayoita ndani ya mfuko, unaousikia kwenye kifundo cha gia na kwenye masikio, fikiria propela.

Hesabu ndogo inayookoa pesa

Simu yako ina kipima mtikisiko ndani, na kuna programu za bure zinazosoma mtetemo kwa Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde. Simu isiwe mkononi wala juu ya kiti laini. Ibandike kwa utepe kwenye reli ya chuma ya kiti au sakafu ngumu, na mwenzako ndiye asome.

Sasa pima gurudumu. Piga chaki chini ya tairi ya nyuma na sakafuni pale pale, sukuma gari mbele mpaka alama ya tairi irudi chini, piga chaki tena, upime kwa tepu. Tairi ya 265/65R17 itakupa karibu mita 2.36, kwa kuwa uzito wa gari huibonyeza kidogo. Gawanya mwendo kwa 3.6 upate mita kwa sekunde, kisha gawanya kwa mzunguko huo. Kwenye 100: 100 gawanya kwa 3.6 ni 27.8, gawanya kwa 2.36, karibu 11.8. Hiyo ndiyo Hz ya gurudumu.

Propela ni hiyo mara uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Uwiano umeandikwa kwenye maelezo ya gari, ukiwa 3.9, propela iko 46. Injini ni mizunguko kwa dakika gawanya kwa 60: kwenye 1,800 ni 30, na injini ya silinda nne husukuma mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo tafuta 60 pia.

Ukiwa kwenye 100, programu ikionyesha kilele karibu na 12, ni gurudumu lisilo na balansi (uzito wake haukusambaa sawa) au lisilo duara sawasawa. Karibu na 24, ni tairi yenye umbo la yai. Ikiwa 46, propela haina balansi. Ikiwa 92, yaani mara mbili ya propela, ni krosi au pembe zake. Ile ya 92 baadhi ya simu hazitaifikia. Simu inayopima mara 100 kwa sekunde haiwezi kuona chochote zaidi ya 50. Usitegemee desimali, tegemea mtaa. Tofauti ya 12 na 46 haihitaji mashine ya maabara.

Magurudumu: hapa ndipo kesi nyingi huishia

Kabla ya kurudi kwa fundi wa balansi, hamisha. Magurudumu mawili ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma mbele, rudi barabara ileile. Kama usukani umetulia na kiti sasa kinatikisika, umethibitisha bila kulipa. Kisha tumia spea: ifunge badala ya gurudumu moja, jaribu, ihamie la pili, jaribu, mpaka mtetemo upotee. Ni kazi ya asubuhi nzima, ndiyo, lakini ukimaliza unaweza kuweka mkono juu ya gurudumu lenyewe. Kama spea ni ya kipimo tofauti, usiitumie kwa jaribio hili.

Unapofunga, safisha uso wa habu, yaani kitovu ambapo rimu hufungwa, kwa brashi ya waya. Chembe ya kutu kati ya habu na rimu hulaza gurudumu upande. Kaza nati kwa mkono kwanza, gari likiwa juu ya jeki, kwa mpangilio wa nyota, kisha lishushe ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Pikapu nyingi za ukubwa wa kati huwa kati ya Nm 100 na 140. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Bunduki ya upepo ya vijana wa tairi haijui Nm.

Ukiwa kwenye balansi, simama karibu na mashine. Kosa la kawaida liko kwenye koni inayoshikilia rimu, wala si kwenye mashine. Pikapu zina tundu kubwa la katikati: Hilux ni milimita 106.1, D-Max 100.1, Ranger 93.1. Duka lililozoea magari madogo huenda halina koni ya kutosha, na gurudumu hukaa pembeni ya kitovu chake. Mashine hupima gurudumu lililopinda kwa namna lilivyofungwa, fundi hubandika uzito kusahihisha upindo huo, na gurudumu likirudi kwenye gari, uzito ule sasa ndio kosa.

Kuna jaribio la kufichua hili na halichukui dakika mbili. Gurudumu likishasoma sifuri pande zote mbili, mwambie: "Fundi, hebu lilegeze ulizungushe nusu duara juu ya koni, ulikaze ulipime tena." Likisoma sifuri au gramu 5, funga. Likisoma 20 au 30, kazi yote iliyotangulia ni bure. Atafute koni nyingine au aliingize kutoka upande wa nyuma wa rimu. Akinuna, kuna maduka mengine Changamwe na Shimanzi.

Mwombe pia akuache uangalie gurudumu likizunguka polepole. Weka ncha ya kalamu karibu na uso wa tairi, uitulize juu ya kitu, ulizungushe kwa mkono. Nafasi kati ya kalamu na tairi isibadilike zaidi ya milimita moja na nusu. Ikiwa inafunga na kufunguka kama milimita mbili au tatu, balansi haitalisaidia: gurudumu lisilo duara linaweza kusoma sifuri na bado likainua gari kila mzunguko. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa rimu. Kama rimu ni sawa na tairi siyo, mwambie atoe upepo, aizungushe tairi nusu duara juu ya rimu, aipake sabuni ya kutosha ukingoni na kuijaza upya. Wakati mwingine sehemu iliyoinuka ya tairi ilikutana na sehemu iliyoinuka ya rimu, na nusu duara huzifuta. Tairi nyingi mpya zina nukta: nyekundu ndiyo sehemu iliyo juu zaidi au ngumu zaidi, manjano ndiyo nyepesi. Manjano hukaa karibu na valvu. Nyekundu, kama rimu ina alama ya sehemu yake ya chini, hukaa hapo.

Angalia pia ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka tairi karibu kabisa na rimu. Umbali wake kutoka kwenye chuma uwe sawa mzunguko wote. Ukiona unazama upande mmoja, tairi haijakaa kwenye rimu; sabuni na upepo upya, hakuna la zaidi.

Waliobadilisha rimu siku ya pili ya kununua gari, na mjini hapa ni wengi, wana sura yao ya peke yao. Rimu za dukani za 6x139.7 (boliti sita kwenye duara la milimita 139.7) hutobolewa tundu pana ili ziingie magari mengi. Juu ya Ranger yenye habu ya 93.1, rimu yenye tundu la 106 inaning'inia kwa nati tu. Tafuta ringi za kuziba nafasi hiyo. Na uangalie nati: baadhi ya rimu za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za dukani zinataka nati za koni. Ukifunga rimu ya koni kwa nati bapa, hakuna kinacholivuta gurudumu katikati, na hilo ni hatari kabla hata hatujafika kwenye mtetemo.

Propela na ile springi ya nyongeza

Pikapu nyingi zina propela ya vipande viwili, yenye senta beringi katikati iliyoshikwa na mpira. Zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, weka gia huru, ingia chini injini ikiwa imezimwa na eksozi imepoa. Shika propela kwa mikono miwili karibu na kila krosi, uisukume juu, chini, na kuizungusha. Krosi nzuri haina mchezo wowote unaousikia mkononi. Mpira wa senta beringi usiwe umechanika wala kukaa umevutwa mbele au nyuma.

Kama kuna mtu aliyewahi kuichomoa propela, hata kwa kazi nyingine, angalia mkao wa uma zake, yaani vile vichwa vya pande mbili vinavyoshika krosi. Uma wa mwisho wa kipande na uma wa mwanzo wake lazima zikae kwenye mstari uliowekwa kiwandani. Kwa kawaida kuna mishale au nukta za rangi. Ikirudishwa na kuruka meno mawili matatu, gari hutetemeka mara mbili kila mzunguko wa propela, na hakuna balansi inayotibu hilo.

Sasa ule mgugumio wa 0 hadi 40. Watu hununua pikapu ili ibebe, na kabla haijabeba hupelekwa kuongezewa vipande vya springi nyuma. Nyuma ikapanda sentimita nne au tano. Gari likiwa tupu, propela sasa inashuka kwa mteremko mkali zaidi kwenda difu, na unapoondoka, nguvu huinua pua ya difu na kuiharibu pembe hata zaidi. Krosi inayofanya kazi kwenye pembe kubwa haizunguki kwa kasi moja. Inaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Ndicho hicho kigugumizi.

Jaribio lake halihitaji chombo. Pakia mifuko sita ya saruji, yaani kilo 300, iwe juu ya ekseli ya nyuma, uifunge isiteleze. Jaribu tena. Kigugumizi kikipungua sana au kikiisha, ni pembe. Kikiongezeka, tazama klachi na mauntingi za injini, yaani mipira inayoishikilia.

Ukitaka kupima, tumia programu ya simu ya kupimia mteremko. Gari liwe sakafu ya usawa, likiwa na uzito wa kawaida juu ya magurudumu yake. Weka simu juu ya kipande cha mbele cha propela, kisha cha nyuma, kisha juu ya sehemu bapa ya difu iliyo sambamba na mhimili wa pinioni, ile gia ya difu inayopokea propela. Tofauti ya digrii kati ya kipande na kipande ndiyo pembe ya krosi iliyo katikati yao. Kila krosi isizidi digrii 3, na pembe mbili za ncha za kipande cha nyuma zikaribiane, tofauti isizidi 1. Zikiwa mbali, fundi wa springi anaweza kuweka kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli, au kushusha senta beringi kwa washa za milimita 5 hadi 10. Anza na washa, kwa kuwa zinarudishika. Au toa kile kipande cha springi ulichoongeza, kama mzigo wako kwa kweli ni masanduku ya soda tu.

Propela ikiwa na kilele cha 46 na pembe ziko sawa, ina tatizo la balansi. Hatua ya kwanza ni kuigeuza: piga alama ya rangi kwenye flanji ya difu na ya propela, fungua boliti nne, zungusha propela nusu duara, funga. Makosa mawili madogo yaliyokuwa yakisaidiana huweza kupingana yakafutana.

Isiposaidia, nunua klipu mbili za jubilii, ile mikanda ya chuma ya kukazwa kwa skrubu, za ukubwa wa propela. Gawanya mzunguko wake, karibu na difu, mara nne kwa chaki: 1, 2, 3, 4. Funga klipu moja, kichwa cha skrubu kikiwa kwenye 1. Hicho kichwa ndicho uzito wako. Endesha, andika. Sogeza kwenye 2, kisha 3, kisha 4, kila mara endesha, andika. Mojawapo ya namba hizo nne itakuwa bora kuliko nyingine. Ongeza klipu ya pili hapohapo. Ikizidisha na mtetemo ukarudi, tenganisha vichwa viwili, kila kimoja kidogo upande wake, kama mikono ya saa inayofunguka, mpaka upate mahali palipotulia. Hiyo ni njia ya kupata ushahidi na kuishi kwa muda. Ipeleke propela ikachomelewe uzito kwenye mashine, pamoja na alama zako za chaki. Usijaribu kuzungusha magurudumu ya nyuma gari likiwa juu ya jeki nyumbani.

Breki, injini, na giaboksi ya otomatiki, kwa ufupi

Mtetemo unaokuja ukifunga breki tu ni diski au drami. Gari lililosimama wiki kadhaa karibu na bahari hupata kutu kwenye diski kila mahali isipokuwa pale pedi ilipoifunika, na alama hiyo hubaki. Funga breki kwa uthabiti mara kumi kutoka 60 hadi 20, ukipumzisha diski katikati. Kutu nyepesi huondoka. Isipoondoka, diski ipimwe unene kwa maikromita mahali nane: tofauti ya milimita 0.02 inatosha kuhisiwa na mguu. Usukani ukitikisika, ni mbele. Kiti kikitikisika, angalia drami za nyuma.

Mtetemo ukitokea gari likiwa limesimama na injini ikiwa 2,000, tafuta kinachogusa fremu kabla ya kufikiria injini yenyewe. Bomba la eksozi likigusa huacha alama inayong'aa kwenye chuma. Washa na uzime kiyoyozi uone kama mtetemo unamfuata yeye.

Kwenye otomatiki, kama kuna mtetemo mfupi wa haraka, kama gari limepita juu ya mistari ya lami iliyochongwa, kati ya 60 na 80 mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, shikilia mafuta na uguse pedali ya breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, nyuma kusiwe na gari. Ukikatika ghafla, ni klachi ya ndani ya konveta (kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi) inayoachia. Hilo ni la dhamana, usiruhusu mtu wa nje aguse oili yake.

Kwenda kwa muuzaji

Peleka karatasi: mwendo, gia, Hz, umehamisha magurudumu gani, kilitokea nini. Kabla ya gari kuingia ndani, mwombe fundi apande nawe mwende barabarani pamoja, wewe ukiendesha. Fundi aliyetetemeshwa naye hawezi kuandika "hakuna tatizo lililoonekana". Hakikisha malalamiko yameandikwa kwenye karatasi ya kazi kwa maneno yako, na kilomita zilizosomeka siku hiyo, hata kama hawatabadilisha chochote. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba tatizo lilijitokeza dhamana ikiwa hai. Rimu, springi na dawa ya kutu ulizoongeza, zitaje mwenyewe. Zitaonekana tu.

Kisha omba mambo mawili. La kwanza, mwende na pikapu nyingine ya aina ileile kutoka kwenye yadi yao, barabara ileile. Kama nayo inatetemeka hivyo hivyo, basi kweli pikapu hiyo ndivyo ilivyo, na umeokoa miezi. La pili, kama nyingine imetulia, wabadilishane magurudumu yote manne kati ya magari hayo mawili. Mtetemo ukihamia gari lao, ni tairi au rimu zako, na wamejionea. Ukibaki kwako, magurudumu yametoka kwenye kesi, na hawatakuambia tena ukafanye balansi.

Gari likirudi, lipeleke barabara ileile, mwendo uleule, simu ikiwa mahali palepale, ulinganishe na karatasi ya kwanza. Na kama magurudumu yalifunguliwa, kaza nati tena kwa toki baada ya kilomita 50 hadi 100.